Jembe Kabla ya Mbio

Ukitaka kujua watu wa Embu na Meru wanauonaje Mlima Kenya, waambie kuna mbio zinazopangwa kupita msituni, na kwamba kabla ya siku yenyewe watahitajika watu wa kujitolea kutengeneza njia. Majibu hayachelewi. Kuna atakayesema mlima uachwe upumue, mwenye kutaka kukimbia aende barabarani. Kuna atakayesema njia ikishafyekwa, mmewafungulia mlango wakata miti na wawindaji haramu. Na kuna atakayeuliza kwa sauti ya juu kuliko wote: mnalipwa ngapi? Akijibiwa kwamba hakuna malipo, kwake mazungumzo yamekwisha, maana mtu mzima hashiki jembe bure isipokuwa amedanganywa au amelazimishwa.

Nimeyasikia maoni haya Runyenjes, Kianjokoma na Timau, na wanaoyatoa si watu wasiojali. Ni walimu, wakulima wa majani chai, wazee wa kanisa, hata vijana waliosomea mazingira chuoni. Ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa makini. Naamini mawili ya kwanza hayana msingi. La tatu lina uchungu wa kweli ndani yake, uchungu ambao waandalizi wengi wa mbio huukwepa, lakini hitimisho linalotolewa humo silikubali.

Tuanze na mlima kupumua. Wanaosema hivyo huwa na picha ya msitu usiokanyagwa, kwamba wakimbiaji ndio watakaoweka nyayo za kwanza. Msitu huo haupo. Toka kwenye kahawa ya Embu upande hadi kwenye chai, uvuke ukanda wa chai ya Nyayo, ule mradi ulioanzishwa 1986 kuwa mpaka kati ya mashamba na msitu, na utaingia mahali ambapo vijia vinakatana kila baada ya hatua chache. Kuna vya wachota kuni, vya wafuga nyuki, vya wachungaji wenye vibali na wasio navyo, vya ndovu na mbogo. Wapiganaji wa Mau Mau walivitumia, wapagazi wanavitumia leo. Serikali ya kikoloni ilitangaza hifadhi ya taifa mlimani 1949, UNESCO ikauweka mlima kwenye orodha ya urithi wa dunia 1997, na vijia hivyo vilikuwapo kabla ya yote hayo na bado vipo. Kinachobaki kuamuliwa ni maji yatavifanyia nini.

Hapa ndipo hoja ya kuuacha mlima inapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Upande wa kusini na mashariki, yaani kuanzia Embu kupita Chuka na Chogoria kuelekea Meru, ndio unaopata mvua nyingi zaidi. Udongo wake ni ule mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu, mwepesi ukiwa umefunikwa na majani na mgumu sana ukishakanyagwa. Mvua ikianguka juu ya majani yaliyooza, udongo huinywa. Ikianguka kwenye kijia kilichoshindiliwa na miguu, maji hayana pa kuingia, hivyo hutafuta pa kushukia, na mteremko ulio wazi kuliko yote ni njia yenyewe. Hukusanyika, hupata kasi, hubeba changarawe, na changarawe ndiyo inayochimba. Msimu wa kwanza unaona mfuo mdogo katikati. Msimu unaofuata mizizi iko nje. Baadaye ni mtaro unaofika magotini, na hakuna mama aliyebeba kuni mgongoni atakayetembea ndani ya mtaro wa tope. Atapanda ukingoni. Ukingo nao utashindiliwa, maji yatauhamia, na mwishowe njia moja imekuwa tatu zinazokwenda sambamba, na katikati yake hakuna kinachoota.

Aliyewahi kupanda kwa njia ya Naro Moru ameliona jambo hili katika kile kinamasi cha mteremko kilicho juu ya kambi ya Met Station. Watu hukwepa tope, kila mmoja akitafuta shina la nyasi la kukanyaga, na kwa kukwepa huko wanapanua tope. Uharibifu ule ulifanywa na wapandaji wa kawaida, wachache wachache, mwaka baada ya mwaka, kwenye ardhi isiyotengenezewa pa kukanyaga.

Tope lenyewe haliishii lilikochimbwa. Linaingia Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita. La Rupingazi linapitia Thiba hadi bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa ya Seven Forks tunayotegemea kwa umeme. Mkulima wa Embu anajua vizuri gharama ya udongo unaotembea, ndiyo maana shamba lake lina matuta na nyasi za nepia kwenye kingo. Asichofikiria ni kwamba kijia cha msituni, chembamba hivyo, kinafanya kile kile anachokizuia nyumbani kwake.

Sasa, kikosi cha kutengeneza njia hufanya nini? Watu hudhani ni kufyeka. Kufyeka ni sehemu ndogo, na kikosi kizuri hufyeka kidogo kuliko unavyotarajia. Asubuhi moja katika msitu wa Irangi, kiongozi wetu, mzee aliyefanya kazi za misitu maisha yake yote, alikataa kabisa tuguse sururu kabla hatujasoma ardhi. Alitusimamisha kwenye mteremko akatuuliza maji yalipita wapi mara ya mwisho. Tulitazama tusione kitu. Akatuonyesha majani makavu yaliyolala yote yakielekea upande mmoja, changarawe laini iliyotuama nyuma ya jiwe, mzizi uliovuliwa udongo upande wa juu tu. Ukishaonyeshwa hivyo, unayaona maji hata jua likiwa linawaka.

Halafu tukachimba. Mfereji mmoja hukatwa kwa hanamu, kutoka ukingo wa juu wa njia hadi ukingo wa chini, ukiteremka taratibu. Ukikatwa moja kwa moja kuvuka njia, bila hanamu, maji yatatuama, mchanga utaujaza, na baada ya mvua mbili utakuwa umepotea. Ukiteremka mno, nao utageuka korongo. Udongo unaotoka unarundikwa upande wa chini na kushindiliwa kwa kisigino cha jembe mpaka uwe tuta, na mawe yanazamishwa humo theluthi mbili ya kimo chake ili mguu wa mbio usiyang'oe. Sehemu inayosahauliwa na wengi ni mdomo. Mfereji lazima uwe na mahali pa kutapika maji, mbali na njia, kwenye majani mengi yatakayoyatawanya na kuyapunguza nguvu. Mzee alitumia muda mwingi kwenye mdomo kuliko kwenye mfereji wote. Mwisho alimwaga mtungi wa maji juu ya njia. Maji yalishuka, yakafika kwenye tuta, yakageuka, yakaingia kichakani. Akasema tuhamie wa pili.

Kazi hiyo ikifanywa kila baada ya hatua kadhaa kwenye mteremko, njia inabaki ngumu, na njia ikiwa ngumu kila mtu anaifuata. Mkimbiaji hasa ndiye mwepesi wa kuongozwa, kwa kuwa anatafuta ardhi isiyoteleza na hana muda wa kutangatanga. Nasema bila kusita kwamba mamia ya wakimbiaji wanaopita asubuhi moja ya kiangazi kwenye njia iliyotengenezwa hivi wana madhara madogo kuliko msimu mmoja wa mvua kwenye njia iliyoachwa. Na bila mbio, njia ile isingetengenezwa. Hakuna bajeti ya mifereji ya vijia. Shirika la Huduma za Misitu, KFS, lina msitu mkubwa na watu wachache. Mbio huleta tarehe, na tarehe ndiyo inayotoa watu nyumbani.

Nije kwenye hoja ya wakata miti. Anayeamini kwamba mhalifu husubiri kufunguliwa njia hakumbuki miaka ya tisini. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilifanya uchunguzi kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Kilichoonekana kilitisha nchi: miti ya kafuri ikiangushwa kwa wingi kwenye misitu minyevu ya kusini na mashariki, mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu, tanuri za makaa, na Imenti ikiwa imevuliwa nguo karibu na mji wa Meru. Mwaka uliofuata usimamizi wa msitu ulihamishiwa KWS. Wakati huo wote hakuna aliyekuwa akiandaa njia za mbio huko. Uharibifu ulistawi kwa sababu ndani ya msitu hapakupita macho ya mtu asiye na faida katika biashara ile.

Njia inayotumiwa na watu wengi wenye nia njema ni njia inayoonekana. Kila kikosi nilichofanya nacho kazi kimetoka na nyaya za mitego mfukoni. Waya wa breki ya baiskeli, kitanzi chake kikiwa usawa wa goti la paa, umefungwa kwenye mche hatua chache tu kutoka kijiani, kwa kuwa mwindaji naye ni mvivu kama sisi wengine na hutega karibu na anapopita. Askari anayetusindikiza huandika mahali ulipokuwa. Doria moja zaidi imefanyika, na hakuna aliyeihesabu kuwa doria.

Kuna na moto. Machi 2012, baada ya kiangazi kikali, moto uliteketeza eneo kubwa la nyasi na vichaka vya juu mlimani, na waliopanda kuupiga walikuwa askari, wanajeshi na wanakijiji waliojitolea. Mahali gari haliwezi kufika, matawi ya kupigia moto na mitungi ya maji hubebwa na miguu. Kijia kilichojaa miti iliyoanguka na matope hugeuza safari ya saa moja kuwa ya saa tatu, na moto wa mlimani hautoi saa hizo.

Ajabu ni kwamba Meru ndiko kwenye ushahidi mkubwa zaidi nchini kwamba njia iliyofikiriwa vizuri huokoa. Ndovu wa Mlima Kenya na ndovu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa walikuwa wametenganishwa na mashamba ya ngano na barabara kuu ya Nanyuki hadi Meru. Wahifadhi, wenye mashamba na serikali wakakubaliana kuwatengenezea ushoroba wa takriban kilomita 14, na chini ya barabara ikajengwa njia ya ndovu, ya kwanza ya aina yake Afrika. Mwanzoni mwa 2011 ndovu dume aliyepewa jina Tony alipita humo, na wengine wakamfuata. Mwaka 2013 UNESCO ikapanua eneo la urithi wa dunia kuingiza Lewa na Ngare Ndare, na muungano huo wa ardhi ulikuwa sababu kubwa. Sikusikia aliyelalamika kwamba njia ile ingeleta majangili. Watu walielewa kwamba mnyama atapita tu, na kwamba ni heri apite mahali palipoandaliwa. Sioni kwa nini tusimfikirie binadamu hivyo hivyo.

Lewa yenyewe hutajwa kila mara mbio na uhifadhi vinapozungumzwa, na ni haki. Marathoni ya Lewa ilianza 2000, ikiandaliwa na hifadhi hiyo pamoja na shirika la Tusk, wakimbiaji wakipita katika nyika wanamoishi vifaru huku askari na ndege wakiwaepusha wanyama. Fedha zake zimekwenda kwa uhifadhi, shule, maji na afya ya jamii zinazozunguka, na vifaru hawakukimbia. Lakini naomba tusiutumie mfano huo kupita kiasi. Mbio za Lewa hupita kwenye barabara za vumbi za magari, katika nchi kavu. Anayeandaa mbio kwenye miteremko minyevu ya Embu hawezi kuchukua ramani ya Lewa na kubadilisha majina. Kilicho karibu zaidi ni mbio za baiskeli za 10to4, zinazoandaliwa na Mount Kenya Trust kwa ajili ya kuchangisha fedha za kulinda msitu, na ambazo hutelemka kutoka miteremko ya mlima. Hapo waandalizi ni walinzi wenyewe. Wanajua njia ikiharibika ni wao watakaokutana nayo Jumatatu.

Sasa swali la malipo. Siku ile ile ya Irangi, mama mmoja mzee alipita na mzigo wa kuni, ukanda wa kubebea ukiwa kwenye paji la uso. Alisimama akatutazama.

“Vijana, hii kazi mnalipwa ngapi?”

“Hatulipwi, shosho. Tunajitolea.”

Alinyamaza kidogo. “Hata mama yangu hakulipwa. Alichimba ule mtaro wa wazungu.”

Hakusema zaidi, na haikuhitajika. Baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilitaka kuwatenga wapiganaji wa msituni na vijiji vilivyowalisha. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro mrefu wa kiasi cha kilomita 80, mpana na wenye kina, ukajazwa miti iliyochongwa ncha. Waliouchimba walikuwa wanavijiji, wengi wao wanawake, wakitolewa vijijini kila siku na kusimamiwa na askari wenye bunduki. Kabla ya hapo palikuwa na matuta: watu walilazimishwa kuyachimba kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwa amri ya machifu, bila ujira. Yaani katika nchi hii, kazi ya bure ya jembe karibu na msitu, inayofanywa kwa jina la kuokoa udongo, ilikwishafanywa, na ilifanywa kwa kiboko.

Mwandalizi wa mbio anayeshangaa kwa nini wanakijiji hawamiminiki kujitolea ajifunze historia hii kabla ya kuwaita wavivu. Naweka jambo hili mezani kwa sababu ndilo lenye uzito. Shosho yule hakuwa mjinga wa mambo ya mazingira. Alikuwa anakumbuka.

Lakini kukumbuka kwake kunatuambia masharti ya kazi, hakutuambii tuiache. Kilichofanya mtaro ule kuwa uovu ni kwamba mchimbaji hakuulizwa, hakuweza kukataa, na kilichochimbwa kilikuwa dhidi yake mwenyewe. Watu hao hao, kabla ya mkoloni na baada yake, walikuwa na ngwatio: leo tunapalilia kwako, kesho kwangu, na asiyefika anajulikana. Hakuna aliyeiita utumwa, kwa kuwa jasho lilirudi kwa aliyelitoa. Mfereji wa Irangi unamrudia nani? Unamrudia yule shosho, anayepita pale na mzigo mara nyingi kuliko mkimbiaji yeyote atakavyopita. Kama ameulizwa njia ipite wapi, na kama akisema “hapa msiguse” panaachwa, basi kazi ile ni ya upande wa ngwatio. Kama hakuulizwa, ana haki ya kuitilia shaka, hata iwe na nia nzuri kiasi gani.

Na nitakwenda mbali zaidi, hata kama wenzangu wa vikosi hawatapenda. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku asiombwe kujitolea. Akija, alipwe. Kujitolea ni kwa mwenye Jumamosi ya kutoa: mwanafunzi wa chuo cha Embu au cha Meru, mfanyakazi wa benki, mwalimu, mkimbiaji mwenyewe aliyetoka Nairobi na gari lake. Kazi za ufundi, kama kujenga daraja la magogo au kukata mti mkubwa ulioanguka, zifanywe na mafundi wa vijiji vya karibu kwa malipo yanayofahamika. Chakula kiwepo, bima iwepo, gari la kumpeleka mtu hospitali liwepo kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa. Kuna mbio moja, siitaji jina, niliyoona watu wa kujitolea wakipewa maji ya chupa na picha huku kazi ya vibarua kumi ikifanywa nao. Hiyo ilistahili lile swali la malipo, na ilistahili kukosa watu mwaka uliofuata.

Watasema basi, kama ni kujitolea, tupande miti. Tumezoea hivyo. Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo kupanda miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mimi pia nilishika mche siku hiyo. Siupingi. Lakini mche uliopandwa juu ya kijia kinachobubujika tope kila Aprili utang'olewa na maji yale yale, na msitu uliosimama tayari hauhitaji mche wangu kama unavyohitaji maji yasiuchimbe mizizi. Uhifadhi umekuwa kwetu kitu cha kuongeza. Kuna ule wa kuzuia kupotea kwa kilichopo, na huo hauna cha kupigia picha zaidi ya shimo la hanamu lenye mawe matatu.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Lucy Wambui Murigi, Mkenya, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mlimani mwaka 2017 huko Premana, Italia, akarudia 2018 huko Canillo, Andorra. Patrick Kipngeno amekuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima 2022 na 2023. Tuna watu wanaoshinda milimani kwa wenzetu, kwenye vijia ambavyo mara nyingi hutunzwa na vyama vya wanavijiji na wapenda milima. Huko Marekani, njia ya Appalachian, yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, inatunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wa vilabu vilivyogawana vipande vyake. Mbio za Western States za California humtaka kila mkimbiaji athibitishe saa nane za kazi ya kujitolea kabla ya kuruhusiwa kuanza. Mtoto wa Kibugu, kule Embu, anayekimbia shuleni kila asubuhi kwenye mteremko mwekundu ana mlima wa mita 5,199 juu ya kichwa chake, na tunamwambia mlima huo si wa kukimbiliwa.

Nakubali mipaka. Sitaki mbio zipande hadi kwenye nyika ya juu, kwenye lobelia na misenesio mikubwa, ambako mmea ulioinama chini ya kiatu huchukua miaka kuinuka na ardhi hugeuka uji kwa kukanyagwa kidogo. Ziishie msituni na kwenye mianzi. Zisifanywe msimu wa mvua, na upande wa Embu hata Julai haifai, maana manyunyu na ukungu wa miezi ile ya baridi huifanya njia iteleze bila mvua kubwa kunyesha. Februari au Septemba zinafaa zaidi. Idadi ya wakimbiaji iwekwe na KFS na KWS pamoja na chama cha jamii cha msitu wa eneo hilo, na isiongezwe kwa ombi la mdhamini. Panapopita ndovu usiku, utepe na vibao viondolewe jioni ile ile.

Na saa nane zile za Western States zingetufaa, tukizipanga kwa hali yetu. Anayejiandikisha kukimbia atoe siku moja ya jembe, au alipie siku ya kibarua mmoja wa kijiji kwa kiwango kilichokubaliwa na chama cha msitu. Nusu ya siku hizo zifanyike kabla ya mbio na nusu nyingine baadaye, mvua inapoanza, kwa kuwa mfereji usiozibuliwa hujaa ndani ya msimu mmoja. Sururu, jembe-uma na mitaimbo vilivyonunuliwa kwa fedha za mbio visirudi Nairobi na hema za waandalizi. Vibaki katika stoo ya kituo cha msitu, na ufunguo akae nao katibu wa chama, ambaye anajua kila mdomo wa mfereji uko wapi na ni upi huziba kwanza.